Habari za Kitu Kisichooza

Zamani vyombo vya nyumbani vilitoka katika ardhi, na katika ardhi vilirudi. Maji yaliwekwa mtungini au katika kibuyu, unga ulitiwa katika kikapu cha ukindu, na nyama ya sokoni ilifungwa kwa jani la mgomba. Kikapu kilipochakaa kilitupwa jaani, na baada ya masika mawili matatu hakikuonekana tena. Mchwa walikila, kuvu ilikila, na mvua ilimaliza kilichosalia. Hata mtu aliyetupa maganda yake mtoni hakuonekana kuwa amefanya dhara kubwa, kwa kuwa samaki na matope yaliyapokea, na kabla ya mwaka kupita yalikuwa yamekwisha.

Basi watu wa nchi zote walizoea kufikiri kwamba kutupa ni kumaliza. Kwa vitu vile vya zamani fikira hiyo haikuwa mbaya. Walakini siku hizi kiko kitu kingine, ambacho mchwa hawakili, kuvu haikiwezi, wala mvua haikimalizi. Kitu hicho ni plastiki. Katika somo hili tutaifuata njia yake, tangu ilikotoka, mpaka mtoni, mpaka bahari kuu, tupate kujua kwa nini mazoea yetu ya zamani hayafai tena.

1. Asili yake

Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipenda sana mchezo wa biliadi, ambao huchezwa mezani kwa mipira migumu. Mipira hiyo ilichongwa kwa pembe za ndovu. Pembe nyingi zilitoka bara la Afrika ya Mashariki. Wapagazi walizichukua mabegani mpaka pwani, na kutoka Unguja zilipakiwa melini kwenda ng'ambo. Bei ya pembe ilipozidi kupanda, wafanya biashara mmoja wa Marekani waliahidi zawadi ya dola 10,000 kwa mtu atakayepata kitu cha kutumiwa badala ya pembe. Mwaka 1869 mtu mmoja wa mji wa Albany, jina lake John Wesley Hyatt, alitengeneza kitu kiitwacho selulodi, kwa kuchanganya kafuri na pamba iliyotiwa tindikali. Hicho kilikuwa kitangulizi cha plastiki.

Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alifanya plastiki ya kwanza ambayo haikutoka katika mmea wala mnyama. Kisha mwaka 1933, katika kiwanda cha Winnington huko Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walikuwa wakijaribu jambo jingine kabisa, wakakuta chomboni mwao kitu cheupe mfano wa nta. Kitu hicho ni polithini, ambayo sasa ndiyo mifuko mingi na madumu mengi. Plastiki nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa mafuta na gesi zichimbwazo chini ya ardhi.

Yatupasa kusema kweli kwamba plastiki ina faida nyingi. Ni nyepesi, haishiki kutu, haivunjiki upesi, na bei yake ni ndogo. Mama aliyekuwa akichukua mtungi mzito kichwani sasa huchukua dumu. Mabomba ya maji, sindano za hospitali na waya za umeme zote zahitaji plastiki. Kwa sababu ya faida hizo viwanda viliongezeka mno. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza tani zipatazo milioni 2 tu. Siku hizi hutengenezwa zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka.

Ubaya hauko katika dumu litumikalo miaka kumi. Uko katika kitu kitumikacho dakika kumi kisha hutupwa, hali kimefanywa kwa namna ya kudumu miaka mingi kuliko umri wa aliyekitupa.

2. Kwa nini haiozi

Watu husema ubao umeoza, kana kwamba ubao hufa wenyewe. Kumbe kuoza ni kuliwa. Viko vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hukaa udongoni na majini, kazi yao ni kuvunjavunja mti, jani na nyama, na kuvirudisha katika udongo. Vijidudu hivyo vimekaa pamoja na miti na wanyama tangu zamani sana, navyo vimepata njia ya kuvila. Plastiki ni mgeni kwao. Imeshikamana kwa namna ambayo vijidudu karibu vyote haviwezi kuifungua.

Jua laweza kuidhoofisha. Mfuko ulioachwa juani hukauka, hupasuka, na mwisho huwa vipande vidogo. Mawimbi nayo huviponda vipande vile juu ya mawe na mchanga. Lakini kila kipande ni plastiki vile vile, kama chungu kikivunjika vipande mia, udongo wake haupungui. Mwaka 2004 Richard Thompson, mwalimu wa chuo kikuu cha Plymouth huko Uingereza, pamoja na wenzake, walieleza habari za vipande hivi walivyovikuta katika mchanga wa pwani na katika maji ya bahari. Vipande visivyozidi milimeta 5 sasa huitwa maikroplastiki. Vimekutwa katika barafu ya kaskazini ya dunia, katika vilindi vya bahari, na mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba wamevikuta katika damu ya watu.

Kwa hiyo plastiki ikipotea machoni, haikupotea duniani.

3. Mto ni mchukuzi

Mtoto akidondosha mfuko njiani katika mji ulio mbali na pwani, yawezaje kuwa jambo la bahari? Jibu ni mvua. Mvua hufagia njia, huingiza taka mtaroni, mtaro humwaga kijitoni, kijito huingia mtoni, na mto hauchagui mzigo. Huchukua tope na magogo, huchukua na mfuko, mpaka baharini.

Mwaka 2021 wataalamu walichapisha hesabu yao kwamba mito huingiza baharini tani za plastiki baina ya 800,000 na 2,700,000 kila mwaka. Tena walionyesha jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Siyo mito mikubwa michache tu iletayo taka hizo. Iko zaidi ya mito 1,000 inayochukua sehemu kubwa yake, na mingi ni mito midogo ipitayo katikati ya miji yenye watu wengi. Basi mtu asiseme, "Mto wetu ni mdogo, hauna neno."

Watu wa Bangladesh walijifunza habari hii kwa msiba. Nchi yao ni tambarare, na mito mikubwa yapita ndani yake. Mwaka 1988 na tena mwaka 1998 mafuriko makubwa yaliifunika sehemu kubwa ya nchi. Katika mji mkuu wa Dhaka mifuko myepesi ya plastiki ilikuwa imeziba mitaro, na maji yaliyopasa kutoka mjini yalikosa njia. Mfuko mmoja ni mwepesi kuliko unyoya, walakini mifuko elfu iliyoshikana pamoja ni ukuta. Mwaka 2002 Bangladesh ikapiga marufuku mifuko hiyo, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

4. Bata waliovuka bahari

Plastiki ikiisha kufika baharini, huenda wapi? Habari moja ya kweli itatuonyesha.

Mwezi wa Januari 1992 meli moja ilikuwa ikitoka Hong Kong kwenda Tacoma, Marekani. Katikati ya Bahari ya Pasifiki ilipatwa na dhoruba, na makasha kadha wa kadha yakaanguka baharini. Kasha moja lilikuwa na vitu vya watoto vya kuchezea majini, jumla yake 28,800: bata wa manjano, vyura wa kijani, kasa wa buluu, na mnyama mmoja wa nchi za baridi, rangi nyekundu. Kasha lilifunguka, na vitu hivyo vikaelea. Vilikuwa vimefungwa vinne vinne juu ya karatasi ngumu. Karatasi ililowa upesi, ikaachana navyo na kupotea. Plastiki haikupotea.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, vichache vya kwanza vilitupwa pwani karibu na mji wa Sitka katika nchi ya Alaska, mwendo wa kilometa zipatazo 3,200 kutoka mahali vilipoanguka. Curtis Ebbesmeyer na James Ingraham, wataalamu wa mikondo ya bahari, waliwaomba watu wa pwani wawaletee habari za kila kilichookotwa. Wakaona kwamba vitu hivyo vilizunguka upande wa kaskazini wa Pasifiki kwa kufuata mikondo, na kwamba mzunguko mmoja ulichukua kama miaka mitatu. Vingine vilizunguka tena na tena, na miaka mingi baadaye watu bado waliviokota, rangi zake zimefifia lakini umbo lake ni lile lile.

Dhoruba moja iliwafundisha wataalamu mengi juu ya bahari. Walakini bata wale walikuwa kasha moja tu, lililoanguka kwa ajali. Tani zile zitokazo mitoni hazikuanguka kwa ajali; ni taka zilizoachwa njiani na kingoni, kila siku.

5. Mahali taka zinapokutana

Mikondo ya Pasifiki ya kaskazini hufanya duara kubwa. Mmoja hupanda kupita Japani, mwingine huvuka kwenda Amerika, wa tatu hushuka kando ya California, na wa nne hurudi magharibi. Mtu akikoroga uji huona povu likikusanyika katikati. Ndivyo ilivyo katika bahari ile. Vitu vyeleavyo husogea polepole mpaka katikati ya duara, na huko hukaa.

Mwaka 1997 nahodha Charles Moore alikuwa akirudi kwao California kutoka Hawaii, baada ya mashindano ya mashua. Akafuata njia ambayo mabaharia wa matanga huiepuka kwa kuwa pepo zake ni chache. Siku baada ya siku aliona vifuniko, chupa na vipande vya plastiki vikielea, mahali palipo mbali na nchi kavu yo yote. Habari alizozileta ziliwashtua watu wengi.

Wengine hufikiri kwamba huko kuna kisiwa cha taka ambacho mtu aweza kusimama juu yake. Sivyo. Maji yenyewe huonekana bahari tupu, lakini wavu mwembamba ukikokotwa hutoka umejaa vipande vidogo. Mwaka 2018 wataalamu walikadiria kwamba eneo hilo ni la kilometa za mraba milioni 1.6, yaani kubwa kuliko Tanzania na Kenya pamoja, na kwamba lina tani zipatazo 79,000 za plastiki. Karibu nusu ya uzito huo ni nyavu za wavuvi zilizopotea au kuachwa.

6. Hasara kwa viumbe

Katika Pasifiki hiyo hiyo kuna kisiwa kidogo kiitwacho Midway, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka mji wa Honolulu. Hakina mji wala kiwanda. Ni makao ya ndege wakubwa weupe waitwao albatrosi, ambao huruka mbali sana juu ya bahari kutafuta chakula cha makinda yao. Ndege huyu huokota chakula chake juu ya maji. Apenda sana mayai ya samaki, nayo mara nyingi yameshikamana na vitu vyeleavyo. Zamani kitu chenye kuelea kilikuwa kigogo au jiwe jepesi la volkeno. Sasa ni kifuniko cha chupa au kiberiti cha gesi kilichokwisha. Mzazi hukimeza, huruka nacho mwendo mrefu, na kukitia kinywani mwa kinda wake kwa mapenzi yote. Kinda hushiba kitu kisicho chakula. Wataalamu wanapopasua makinda waliokufa, hukuta tumboni mwao vifuniko na vipande vya rangi nyingi.

Ndege yule hakufanya upumbavu. Alifuata desturi ya wazazi wake, iliyokuwa njema mpaka bahari ilipobadilika. Nasi tulivyoona mwanzoni, twafuata desturi ya kutupa iliyokuwa njema mpaka vitu vilipobadilika. Tofauti ni hii, kwamba ndege hawezi kujua, na sisi twaweza.

Kasa naye hudanganyika. Chakula chake kimoja ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini aliye kama uteute, na mfuko uliolowa hufanana naye. Nyavu zilizoachwa nazo huendelea kuvua bila mvuvi. Hunasa samaki, kasa na pomboo, wala hapana mtu wa kuzitoa.

7. Kuzuia maji mlangoni

Nyumba ikijaa maji kwa sababu bomba limeachwa wazi, mwenye akili haanzi kwa kuyachota. Hulifunga bomba kwanza. Watu wengi wamefanya kazi ya kuokota taka baharini na pwani, nayo ni kazi njema, lakini haitakwisha maadamu mito yaleta nyingine.

Wako waliojaribu kuzuia mdomoni mwa mto. Katika mji wa Baltimore, Marekani, mwaka 2014 liliwekwa gurudumu kubwa mahali kijito kinapoingia bandarini. Nguvu ya maji na ya jua hulizungusha, nalo huvuta mkanda unaopandisha taka katika jahazi la chuma. Taka hizo hazifiki tena baharini. Hata hivyo gurudumu halimzuii mtu kutupa.

Wengine walijaribu kuzipeleka mbali. Kwa miaka mingi nchi tajiri za Ulaya, pamoja na Marekani, zilipakia plastiki zao chakavu melini na kuzipeleka Uchina. Mwanzo wa mwaka 2018 Uchina ilikataa kuzipokea. Mara meli zikageukia Malaysia, Vietnam na Thailand, na wenyeji wa huko wakaona vilima vya taka za watu wasiowajua. Hapo ilidhihirika kwamba nchi zile hazikuwa zimemaliza taka zao, zilikuwa zimezihamisha.

Nchi zetu hazikukaa kimya. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata mwezi wa Agosti 2017, kwa adhabu kali. Na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Watu wakarudia vikapu na mifuko ya kitambaa. Sheria hizo hazikumaliza kila jambo, maana chupa bado ziko, na mifuko mingine huvushwa mpakani kwa magendo. Lakini zimeonyesha kwamba taifa laweza kuacha desturi moja na kushika nyingine.

Huko Lamu fundi Ali Skanda na wenzake waliokota plastiki pwani, wakaiyeyusha na kufanya mbao, na kwa ufundi ule ule wa babu zao wakaunda jahazi lenye urefu wa meta 9 hivi. Lilishushwa majini mwaka 2018, ubavu wake umefunikwa kwa kandambili za rangi nyingi zilizookotwa ufukoni, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Jahazi moja halisafishi bahari. Lakini kila bandari lilipotia nanga, watu waliona kwa macho yao kwamba taka ile bado ni mali, na bado ni nzima.

Mwezi wa Machi 2022 wajumbe wa mataifa walikutana Nairobi, wakaazimia kufanya mkataba mmoja wa dunia nzima juu ya plastiki. Walikutana tena mara nyingi, hata Busan mwaka 2024 na Geneva mwezi wa Agosti 2025, lakini mikutano yote miwili iliisha bila kupatana. Nchi nyingi zataka viwanda vitengeneze plastiki kidogo zaidi. Nchi nyingine, hasa zenye kuchimba mafuta, zataka kushughulikia taka tu. Ni shauri lile lile la bomba na maji.

Wanafunzi hawaalikwi katika mikutano hiyo. Walakini mto upitao karibu na shule hausubiri mkataba. Mtu akishika chupa mkononi, ajiulize itakwenda wapi ikitoka mkononi mwake. Akiichoma moto, moshi wake una sumu kwa walio karibu. Akiitupa mtaroni, mvua itaichukua. Akiitumia tena, au akiipeleka kwa wanunuzi wa plastiki chakavu, ameikatiza safari yake. Na asiyeinunua kabisa amefanya vizuri kuliko wote. Asiseme, "Nimeitupa." Aseme kweli, "Nimeihamisha," kisha afikiri ni nani atakayeipokea.

MASWALI

1. Kwa nini kikapu kilichotupwa zamani hakikuleta dhara?
2. Biashara ya pembe za ndovu ilihusikaje na mwanzo wa plastiki?
3. Eleza tofauti baina ya kuoza na kuvunjika vipande.
4. Mifuko ya plastiki ilizidishaje taabu ya mafuriko huko Dhaka?
5. Karatasi na bata walikuwa pamoja katika kasha moja. Kila kimoja kilipatwa na nini? Habari hiyo yatufundisha nini?
6. Kwa nini albatrosi huwalisha makinda yake plastiki?
7. Fuata mtaro ulio karibu na shule yenu. Maji yake huingia kijito gani, kijito huingia mto gani, na mto huishia wapi? Chora ramani yake.